Asante ya Sungura

Jumatano, 9 Machi 1977

Mchungaji ametuambia tusimwambie mtu, na waume zetu tuwaambie nusu. Sasa mimi Nabalayo, mama yao Wakoli na Jentrix, kifua changu hakijawahi kuwa na kufuli, Manyatta nzima inajua. Ndiyo maana nimechukua daftari la Jentrix lililobaki kurasa tupu, nikuandikie wewe, Bwana, kwa sababu unajua tayari na hutamwambia jirani.

Kwenye ukumbi wa kanisa wamelala vijana kutoka Uganda. Tangu mauaji ya Februari kule kwao wanavuka mpaka wa Busia kila siku, mwingine ana kiatu mguu mmoja. Mwalimu Gordon wa shule ya Jumapili analala mlangoni kuwalinda, na yeye mwenyewe ni mwembamba kama ufito. Jumamosi watapelekwa Nairobi. Inasemekana kuna watu wanatumwa kutoka kule kuja kuwarudisha. Wanafika na gari, wanamwita mtu kwa jina, anaingia, haonekani tena.

Msichana mmoja amekataa kwenda. Anaitwa Apiyo, Mwacholi wa Gulu, umri kama wa Jentrix wangu. Yeye na pacha wake wa kiume walipotezana karibu na mpaka, watu walipotawanyika kukimbia. Mchungaji wao wa nyumbani alikuwa amewaambia, atakayetangulia kufika Kisumu amngoje mwenzake kwenye kanisa la Manyatta. Basi anangoja. Milka, kiongozi wetu wa Umoja wa Mama, akauliza nani ana kitanda. Mkono wangu ukapanda kabla sijaushauri.

Yuko chumba cha nyuma sasa. Laban nimemwambia nusu. Nusu nyingine ameiona mwenyewe.

Alhamisi, 10 Machi

Asubuhi nilimwambia kwa upole kabisa, "Kaa chini, mwanangu, unywe chai." Akaketi sakafuni, akaweka mikono juu ya kichwa, akafumba macho.

Nilidhani anaomba, mpaka nikaona goti lake linatetemeka.

Gordon amenieleza. Kwao Kiswahili ni lugha ya askari. Kwenye vizuizi vya barabarani maneno waliyosikia ni hayo tu: simama, toa, kaa chini, lala. Nimelia, Bwana. Kiswahili ndicho ninachoombea nikiwa na haraka, Kibukusu nikiwa na nafasi. Tangu leo "kaa chini" haisemwi katika nyumba hii. Ni "karibu kiti," hata kwa Laban. Ameniuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 13 Machi

Mvua imefika, ya kweli, si ya kututania. Wenzake waliondoka jana. Apiyo hakutaka hata kutoka kuwapungia mkono.

Tumekubaliana aitwe mpwa wa Milka kutoka Kombewa. Lugha yake na Kijaluo kwa masikio yangu ni kitu kimoja. Nikawaambia wenzangu, nani atajua?

Jumatatu, 14 Machi

Imejulikana kabla ya saa sita.

Watoto wa Seline walimsaidia kubeba ndoo kutoka bombani. Akawashukuru, "Apwoyo." Wakaangua kicheko mpaka maji yakamwagika. Kumbe kwao hilo ni asante, lakini kwa Mjaluo apwoyo ni sungura. Wewe umebebewa ndoo, unamwambia mtu "sungura"!

Seline ni jirani yangu wa ukuta mmoja wa mabati, muuza samaki. Mdomo wake unafika sokoni kabla ya karai lake. Huyo ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Jioni akachungulia juu ya ua.

"Mama Wakoli, mgeni wako ameniita sungura."

"Ni mtoto tu. Amelelewa kwa mabibi."

"Mabibi wa Kombewa?" Akanitazama kidogo. "Haya. Kesho nitamwita fisi, tuwe sawa."

Akaenda zake akicheka.

Alhamisi, 17 Machi

Mvua. Tope mpaka kizingitini. Hakuna aliyekuja.

Jumanne, 22 Machi

Seline tena. Anapaa samaki, hata hanitazami, anasema, "Na Odongo wake yuko wapi?"

Nusura sufuria inianguke. Habari ya ndugu yake sijamwambia mtu. Nikauliza, Odongo gani. Akasema, "Wa tumbo moja. Apiyo si anatangulia, halafu Odongo?" Hapo nikaelewa. Ni kama kwetu Bukusu, Mukhwana na Mulongo. Ukitaja mmoja, kila mtu anajua kuna mwingine. Jina lenyewe la mtoto huyu linatembea likitangaza kwamba yuko nusu.

Nikajibu haraka, "Odongo yuko Bondo, anasoma." Nisamehe, Bwana. Uongo ulitoka laini kama ugali wa mtama uliosagwa vizuri.

Usiku kupitia pazia namsikia anaombea "Ocen, Ocen." Nilipomuuliza alisema ni huyo ndugu yake. Basi nikajua ana majina mawili, kama Simoni na Petro.

Jumapili, 27 Machi

Milka amepanga zamu. Kila nyumba ya Umoja wa Mama inapika siku yake, ili mgeni asile kwangu tu na watu wasishangae nimenunua unga mwingi. Sufuria haipiti barabarani. Inatoka kwa Milka, inapita nyuma kwa Aoko, inaingia kwenye pengo la ua wa Nabututu, inatokea jikoni kwangu. Tumevunja nyua za watu kwa ajili ya mboga.

Laban anasema hajawahi kula vizuri hivi tangu arusi.

Seline hakuwekwa kwenye zamu. Mimi ndiye niliyesema asiwekwe.

Ijumaa, 1 Aprili

Nimechukia. Watoto wote wa upande huu sasa ukiwapa kitu wanasema "apwoyo." Ukiwapa muwa, apwoyo. Ukiwachapa kwa ajili ya tope, apwoyo. Hata mwuza mafuta ya taa nimemsikia. Ni Seline anayewafundisha, nimemwona kwa macho yangu akiwagawia vichwa vya samaki, asiyesema hivyo hapati.

Nikamwambia Laban, yule mama anamcheka mtoto wa watu. Laban akasema, "Labda anacheka tu." Wanaume.

Apiyo haongei siku hizi. Anashukuru kwa kuinamisha kichwa.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Kanisani kulikuwa na mgeni benchi la nyuma. Suti ya kijivu, mwavuli. Nje ni tope tupu na viatu vyake vinang'aa. Nilikuwa nawaza hilo wakati wote wa mahubiri, mtu anafikaje hapa na viatu safi, kama si kwamba ameshushwa na gari mlangoni?

Baada ya ibada alimkaribia Gordon. Kiswahili chake laini. Anaitwa Walter, anasema, ni mtu wa kule pia, anatafuta "watoto wetu" awasaidie nauli na nguo. Gordon akamwambia wote walikwenda Nairobi. Akasema Mungu awabariki. Akatoa sadaka, akazunguka akiwasalimia watoto, akiwauliza majina.

Apiyo alikuwa nyumbani. Nilirudi mbio, na magoti haya.

Pasaka, 10 Aprili

Amefufuka. Lakini nimefunga dirisha.

Jumamosi, 16 Aprili

Seline amekuja na samaki wawili wakubwa, ngege, hakungoja kukaribishwa.

"Nipe huyo msichana anisaidie kupaa samaki."

"Ana kazi hapa."

"Kazi gani, ya kukaa gizani? Mama Wakoli, mtoto anayefichwa ndiye anayeulizwa. Anayenuka samaki hakuna anayemtazama mara mbili."

Apiyo akainuka mwenyewe, akamfuata ng'ambo ya ua. Mimi nikabaki na sikio ukutani kama mwizi. Waliongea, Kijaluo na Kiacholi vikikanyagana miguu. Baadaye nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu afike. Alikuwa anacheka.

Naogopa, Bwana. Sijui namwogopa nani sasa.

Alhamisi, 21 Aprili

Naandika harakaharaka, mistari itapanda milima.

Ilikuwa mchana, manyunyu. Apiyo yuko kwa Seline, kwenye samaki. Laban yuko kazini. Hodi. Nikafungua, nikamkuta mtu wa mwavuli, Walter.

"Bwana asifiwe, mama."

"Asifiwe milele."

"Nimesikia wewe ndiye uliyemlea mtoto wa dada yangu. Mungu hatakusahau." Machozi yalimlengalenga, nayaona hata sasa. "Mimi ni mjomba wake Apiyo. Nimemtafuta tangu Pasaka. Nimempata Odongo."

Nikashika mlango.

"Odongo ni mgonjwa," akasema. "Yumo kwenye gari pale barabarani, hawezi kukanyaga tope hili. Ananiambia neno moja tu, nipelekeni kwa Apiyo. Mwite, mama, aje amwone ndugu yake."

Bwana, wewe ulikuwepo. Uliona nilivyofurahi. Sala ya majuma yote imejibiwa mlangoni kwangu, na tena na mtu anayesema "Bwana asifiwe." Niliruka ua wa Seline kama msichana. Nikakuta Apiyo ana kisu na samaki mkononi, nikasema, "Mwanangu, mshukuru Mungu, mjomba wako amemleta Odongo, yuko kwenye gari."

Apiyo akainuka nusu. Uso wake ukawaka, halafu ukazima. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Seline akamshika mkono. Ndipo akaniuliza polepole, "Huyo mjomba amesema nani?"

"Odongo."

"Amesema kwa kinywa chake, au wewe ndiye uliyemtajia?"

"Kwa kinywa chake. Hata sikufungua wangu."

Apiyo akasema kwa sauti ndogo, "Nyumbani hakuna Odongo." Akanieleza kwa kile Kiswahili chake kidogo, na Seline akamalizia. Kwa Waacholi Apiyo anafuatwa na Ocen. Odongo ni jina la pacha wa Wajaluo, wa huku kwetu. Mjomba gani, ndugu wa mama mzazi, hajui jina la mpwa wake?

Basi huyo mtu alimpata wapi Odongo? Kwa kila mtu wa Manyatta, na wao walimpata kwangu. Mimi ndiye niliyemzaa, siku ile nikisema anasoma Bondo. Na nilimwamini mtoto wangu wa uongo aliporudi na mtu mwingine.

Nikashika ukuta wa mabati. Seline akanifinya mkono mpaka nikaumia. "Usianguke sasa. Utaanguka baadaye, nitakusaidia. Rudi umwambie anakuja, anavaa."

Wakati huo alikuwa amekwisha kumvika Apiyo leso yake inayonuka samaki, amemtwika kichwani sufuria ya zamu kutoka jikoni kwangu, akamsukuma kwenye pengo la nyuma la Nabututu. Nikaona Nabututu anampokea upande wa pili bila kuuliza, kama anavyopokea mboga kila siku. Ila safari hii sufuria ilikuwa inarudi.

Nilirudi. Sijui nilimtazamaje yule mtu. Nilisema, "Anavaa." Akasema hakuna haraka, huku akitazama saa.

Seline akaja na sahani ya samaki wa moto.

"Karibu, nera," akasema, yaani mjomba. "Huwezi kuondoka Kisumu bila kula. Na huyo Odongo nimfungie wake?"

"Asante, mama. Hawezi kula, ana homa."

"Maskini. Wanafanana, yeye na Apiyo?"

"Kama maji na maji."

"Na nyumbani mnamwita Odongo tu, au ana jina lingine la kumdekeza?"

Akacheka, kidogo tu. "Pacha wa Apiyo ataitwa nani tena?"

"Kweli," Seline akasema, naye akacheka. "Nani tena."

Alimlisha taratibu, akimtolea miiba kama mtoto. Kwa nyuma yake wanawake wakaanza kufika. Milka na jembe, kama anayetoka shamba. Aoko na mtoto mgongoni. Wakasimama kwenye manyunyu, mwingine, na mwingine. Yule mtu akawa anageuka. Mtoto wa Aoko akapewa mnofu, akasema, "Apwoyo." Yule mtu akamtazama ghafla. Watoto wengine wakadai wao pia, apwoyo, apwoyo, kila upande, wachafu wote, wa hapahapa wote. Akawatazama mmoja mmoja. Hakujua amtazame nani.

Ndipo nikajua kwa nini vichwa vya samaki viligawiwa.

Seline akamwambia, "Nera, msichana ametushinda. Ametoroka kwenda Bondo, kwa yule Odongo mwingine anayesoma. Kama wako ni mgonjwa, huyo wa Bondo basi ni nani?"

Akasimama. Uso wake haukuwa wa kanisani tena. Alinitazama mimi, si Seline, akaniambia kwa Kiswahili kilekile laini, "Mama, nyumba yako naijua sasa." Akafungua mwavuli akaenda. Kwa nyuma nikaona viatu vyake, kwa mara ya kwanza vina tope.

Nikaanguka, kama nilivyoahidiwa.

Ijumaa, 22 Aprili

Laban alitaka twende polisi. Milka akauliza, tukawaambie nini, kwamba mtu ametusalimia? Na wakimwomba Apiyo karatasi?

Mchungaji atakwenda kuongea na wakubwa wake. Apiyo hatalala nyumba moja tena. Atafuata sufuria: panapopikwa ndipo anapolala.

Nilimwendea Seline. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alikuwa anakoleza moto.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ndoo. Mtu wa Kombewa hawezi kuniita sungura. Mama yangu alizaliwa Kombewa."

"Na hukuniambia."

"Ungekufa kwa hofu, Mama Wakoli. Ulivyo, hata paka akikohoa unafunga dirisha." Akapuliza moto. "Nawe hukuniweka kwenye zamu."

Jumapili nitasimama mbele ya Umoja wa Mama nikiri kosa langu mwenyewe. Leo nimechukua kisu nikapaa samaki pamoja naye.

Jumapili, 24 Aprili

Apiyo alikuwa kwa Milka, akala sahani yote, akaomba tena. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, hawana Ocen. Wangekuwa naye wangemjua jina."

Sikuwa nimeliona hivyo. Kutoka kinywani mwa mwongo Mungu ametoa habari njema.

Alhamisi, 5 Mei

Mvua juu ya mvua. Gari jeusi limeonekana mara mbili kwenye barabara ya Kondele, au ni gari la mtu mwingine. Naogopa magari yote. Naogopa viatu safi. Naogopa kila anayesema Bwana asifiwe, na hilo linaniuma kuliko yote.

Tumepatana na Seline na Apiyo: yeyote atakayekuja akitaja Odongo, mlango unafungwa.

Alhamisi, 12 Mei

Zamu yangu leo. Apiyo yuko nyuma anasonga ugali, Seline yuko sokoni.

Mvua ilikuwa kubwa. Watoto wakaja mbio kwenye mlango wangu, wamelowa. "Mama Wakoli, sungura mwingine amekuja."

"Sungura gani?"

"Tumemwonyesha njia ya kanisa, akasema apwoyo. Gordon hayuko, tumemleta hapa."

Alikuwa amesimama nyuma yao. Kijana, gunia la plastiki kichwani kwa ajili ya mvua. Nikatazama viatu vyake kwanza. Hakuwa na viatu. Moyo ukataka kulegea, nikaukataza. Mwenye suti alishindwa, si watamtuma asiye na viatu?

"Unaitwa nani?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Odongo," akasema.

Nikafunga mlango. Nikaweka komeo, nikaweka na mgongo wangu. Nje hakubisha. Hakuita. Nilisikia mvua tu, na watoto wakinong'ona, na mimi nikisema Bwana, Bwana, sina Seline leo.

Apiyo akatokea na mwiko mkononi. "Ni nani?"

"Ni wao. Amesema Odongo. Pita nyuma, mwanangu, kimbia."

Hakukimbia. Nje mtu akakohoa. Apiyo akaweka mwiko juu ya kiti, akasogea mpaka kwenye mbao, akauliza kitu kwa lugha yake, sauti ya chini. Sikuelewa hata neno. Halafu nje kikajibu kicheko au kilio, hata sasa sijui.

Apiyo akanisogeza kando, akatoa komeo.

Hawakukumbatiana kama watu wa kwenye hadithi. Apiyo alimshika masikio yote mawili, akamtazama, akamtazama, ugali ukaungua.

Baadaye Ocen mwenyewe alinieleza. Alijificha kwa watu karibu na mpaka majuma yote hayo, akiugua mguu. Huko wakamfundisha: ukifika kwa Wajaluo usijitaje Ocen, utajulikana ni wa wapi. Sema wewe ni Odongo. Akalishika neno hilo njia nzima kama mtu anavyoshika pasi ya kusafiria, na mimi kwa neno hilohilo nikamwacha kwenye mvua.

Nikamwambia, "Karibu kiti." Nikataka kumwomba msamaha, Kiswahili kikanikataa, na Kibukusu asingekielewa. Nikampa chai tu.

Akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaniita sungura.